Kukabidhi Eneo la Mapumziko la Shehia kwa Hifadhi za Serikali: Mwongozo kwa Kamati za Pemba na Unguja

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya shehia, diwani au karani wa halmashauri ambaye ameambiwa kwenye kikao: "Lile eneo tuwape Misitu, sisi limetushinda." Eneo lenyewe linaweza kuwa ufukwe wenye mabanda ya makuti ambako watu huja kupumzika Jumapili na siku za Sikukuu, pango linalotembelewa na wageni, njia ya mbao iliyopita ndani ya mikoko, au bustani yenye miti mikubwa ambayo halmashauri iliitengenezea mabenchi na vyoo kisha ikakosa fungu la kuihudumia. Kinachotakiwa ni usimamizi utoke mikononi mwa wenyeji au halmashauri na uingie katika mtandao wa hifadhi zinazoendeshwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nimekuwa katibu wa kamati ya aina hiyo upande wa kaskazini mwa Pemba, na makabidhiano ya kwanza tuliyaharibu wenyewe. Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ndani yake tuliandika kwamba tunakabidhi "eneo lote la ufukwe pamoja na vyote vilivyomo". Miongoni mwa vilivyomo ilikuwa njia ya kina mama wanaolima mwani. Baada ya miezi michache mlinzi aliyepangiwa pale akafunga mnyororo baina ya minazi miwili, kama alivyoelekezwa, na asubuhi moja nikamkuta bibi mmoja amesimama mbele ya mnyororo ule, gunia la mwani mbichi kichwani, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kanga, na mlinzi ameshika kitabu cha tiketi hajui la kusema. "Mwanangu," bibi akamuuliza, "huu mwani nao unakatiwa tiketi?" Mlinzi hakuwa na kosa, kwani karatasi ilisema vyote na njia ilikuwamo. Ilituchukua karibu mwaka mzima wa barua na vikao kuirudisha njia ile. Tangu hapo nimeshika jambo moja, nalo ndilo linalobeba mwongozo huu: kinachokabidhiwa ni usimamizi, na haki ambayo haikuandikwa siku ya makabidhiano huhesabika kuwa nayo imekabidhiwa.

Kwanza mjue mnamkabidhi nani

Wapo wanaodhani kwamba eneo likishakuwa hifadhi linaingia chini ya TANAPA, shirika linaloendesha Serengeti na hifadhi nyingine za Tanzania Bara. Sivyo. Ardhi na misitu si mambo ya Muungano, na Zanzibar ina sheria na idara zake. Kwa eneo la nchi kavu lenye miti au wanyama, mlango ni idara ya Serikali inayoshughulikia misitu, ambayo hufanya kazi kwa sheria ya misitu Namba 10 ya 1996. Idara hiyo ndiyo inayosimamia Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, pamoja na msitu wa Ngezi hapa Pemba, Masingini karibu na mji wa Unguja, na Kiwengwa-Pongwe upande wa mashariki. Kwa upande wa bahari, mlango ni idara inayosimamia uvuvi na uhifadhi wa bahari, ambayo chini yake yapo maeneo kama Ghuba ya Menai, iliyotangazwa 1997, na Mkondo wa Pemba, ambao wengi wetu tunauita PECCA, uliotangazwa 2005. Magofu na mapango yenye mabaki ya kale hupelekwa kwa wanaohusika na makumbusho na mambo ya kale, na bustani iliyomo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe ina mamlaka yake yenye sheria yake ya mwaka 2010.

Tabu huanza pale eneo moja linapogusa idara mbili, na ufukwe karibu siku zote hugusa mbili. Miti ya nyuma ya mchanga ni ya Misitu, maji ni ya Uvuvi, na mchanga wenyewe kila mmoja huudai siku ya mapato na kuukana siku ya takataka. Ushauri wangu ni kwamba kabla hamjaandika barua, waiteni maofisa wa idara zote mbili siku moja, mahali pamoja, nao waoneshe kwa mkono wapi kazi ya huyu inaishia na ya yule inaanzia. Ofisini watakubaliana kwa maneno, lakini mkiwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yamejaa mpaka chini ya mivinje, hapo ndipo mtakapojua kama wanazungumzia mstari mmoja.

Kama eneo lenu ni kiwanja cha mpira au uwanja ambao hufanyika mchezo wa ng'ombe, msilipeleke kwenye hifadhi hata kama mmeelemewa. Hifadhi ipo kwa ajili ya kulinda kitu kisiguswe ovyo, na kiwanja kipo kwa ajili ya kukanyagwa. Viwanja vya aina hiyo vina njia nyingine, na viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Chake Chake, ambavyo viliendelezwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ni ushahidi kwamba eneo la mapumziko linaweza kupata mlezi wa Serikali bila ya kufanywa msitu.

Je, ni chenu cha kutoa?

Hili wazee hulichukulia kuwa tusi, lakini lazima liulizwe. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Umilikaji Ardhi Namba 12 ya 1992 inaiweka chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, ambapo mtu au taasisi hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo shehia haimiliki ufukwe kwa maana ya hati, na mara nyingi hata halmashauri haina karatasi yoyote zaidi ya mazoea ya kukusanya ada na kufagia. Nendeni Kamisheni ya Ardhi mkaulize eneo limeandikwaje, limepimwa au halijapimwa, na kama kuna mtu aliyekwisha kupewa haki ya matumizi juu yake au juu ya kipande chake. Mimi nimeona eneo ambalo watu walikuwa wakilijadili kwa miezi minne kumbe sehemu yake ya mbele ilikwisha kuombwa na mwekezaji.

Katika kuuliza huko, kuna mambo matatu ya kwetu ambayo mgeni hayajui, na hata ofisa kijana anaweza kuyasahau. La kwanza ni eka tatu. Ikiwa sehemu ya eneo ilikuwa ndani ya eka tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi, warithi wao wapo na wanakumbuka. La pili ni miti. Zanzibar mwenye ardhi na mwenye mti wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na mnazi au mkarafuu hurithiwa na kuuzwa hata pale ambapo udongo wake ni wa Serikali. Katika eneo letu tulikuta minazi saba ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki na watoto wake wako Tanga. Ilibidi tuwatafute kwa simu, tuandike majina ya warithi na idadi ya minazi, na kuweka kifungu kinachowaruhusu kuingia kuangua nazi bila ya kulipa kiingilio. La tatu ni wakfu. Kiwanja kilichowekwa wakfu kwa msikiti au madrasa hakiwezi kukabidhiwa na shehia wala halmashauri, hata kama kimeota nyasi kwa miaka ishirini, na suala lake linapelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Makaburi yaliyomo ndani ya eneo yaorodheshwe hata yale yasiyo na mashahidi.

Makabidhiano ya namna gani

Neno "kukabidhi" huficha mambo matatu yasiyofanana. Kamati inaweza kuomba eneo litangazwe kuwa hifadhi kamili, ambapo tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi na matumizi yote yanafuata masharti ya sheria. Inaweza badala yake kuingia makubaliano ya usimamizi wa msitu wa jamii, ambayo yanatambuliwa na ile ile sheria ya 1996 na yalienea katika shehia nyingi kupitia mradi wa HIMA ulioanza 2010. Hapo Serikali inatoa utaalamu na nguvu ya kisheria, nanyi mnabaki na kamati, mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Ya mwisho ni kukabidhi uendeshaji tu kwa mkataba wa muda, ambapo halmashauri inabaki kuwa mwenye eneo na idara inakuwa mwendeshaji. Kwamba mwenye eneo na mwendeshaji wanaweza kuwa wawili si jambo geni kwetu: kisiwa cha Chumbe, tangu kilipofanywa hifadhi mwaka 1994, kinaendeshwa na kampuni binafsi kwa makubaliano na Serikali.

Kama mnanitaka nichague, kamati ambayo imechoka lakini bado ina watu ianze na makubaliano ya msitu wa jamii au mkataba wa muda, na tangazo kamili liombwe pale tu ambapo kuna kitu kitakachopotea bila ya ulinzi wa sheria, kama vile chanzo cha maji, mikoko inayokatwa usiku, au makundi ya popo wa Pemba. Hata hao popo si lazima waende Serikalini. Kidike, hapa Pemba, inajulikana kwa popo wake na wenyeji ndio wanaopokea wageni. Tangazo kamili ni zito kulitoa na ni zito zaidi kulirudisha.

Mfano ninaoupenda kuutaja ni Misali, kisiwa kilichopo magharibi ya Chake Chake, ambacho wazee husimulia kwamba kilipewa jina hilo kwa sababu Nabii Khidhri aliomba msala, ukakosekana, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Mwaka 1998 Misali ilifanywa eneo la hifadhi huku wavuvi wakiwa na jumuiya yao, na mwaka 2005 ilipotangazwa PECCA kisiwa kikaingia ndani ya eneo hilo kubwa zaidi. Ninachotaka kamati ijifunze pale ni jinsi kisiwa kilivyogawiwa kwa matumizi: upo ufukwe wa Mbuyuni ambako wageni hushukia, zipo sehemu za bahari ambazo hazivuliwi, na zipo sehemu ambazo mvuvi wa dago, yaani anayepiga kambi, anaendelea na kazi yake kama alivyofanya baba yake. Ramani ya namna hiyo haichorwi baada ya makabidhiano.

Kuutembea mpaka

Mpaka hautembelewi na watu wenye viatu vya ofisi peke yao. Wakusanyeni wazee wawili au watatu wanaolijua eneo kwa majina yake, kijana mmoja mwenye simu inayoonesha majira ya mahali (GPS), mpimaji kama mmempata, mwakilishi wa wavuvi, mwakilishi wa kina mama wa mwani, na jirani wa kila upande. Hilo la jirani ndilo hurukwa, na ndilo linalozaa kesi. Tembeeni asubuhi, maji yakiwa yametoka, na kila mnaposimama andikeni vitu vitatu: jina la mahali kama linavyotamkwa na wenyeji, alama inayoonekana kwa macho, na majira yaliyosomwa kwenye simu. Msiridhike na mti kuwa alama. Sisi tuliandika "mpaka unafuata mkungu mkubwa", na kabla ya mwaka kwisha mkungu ukaangushwa na upepo wa kusi, likabaki shimo ambalo majirani wawili walikuwa na maoni tofauti kuhusu lilipo. Jiwe lililojengewa saruji ni gharama ndogo kuliko kikao kimoja cha usuluhishi.

Wazee wakikataa kupita mahali fulani, msiwalazimishe, na pia msipaandike kwa dharau. Pengine pana mzimu, pengine ni kaburi la mtu ambaye ukoo wake hautaki atajwe. Waulizeni kwa adabu, "Mzee, hapa tuandike nini?" na muandike hivyo hivyo atakavyosema. Katika orodha yetu pana mahali palipoandikwa "mahali pa kheri, pasijengwe", na idara ilikubali maneno hayo bila ya swali.

Daftari la matumizi

Kama mna muda wa kufanya jambo moja tu vizuri, fanyeni hili. Nunueni daftari la kurasa mia, liandikwe kwa mkono, na kwa muda wa mwezi mzima wa mwandamo mtu mmoja akae kwenye eneo kwa zamu akiandika nani amepita, kufanya nini, saa ngapi, kwa njia ipi. Nimesema mwezi mzima wa mwandamo kwa sababu pwani haifuati saa za ofisi. Kila siku maji hutoka kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, na matumizi ya wakati wa bamvua si yale ya wakati wa maji mafu. Mtu atakayehesabu kwa wiki moja atakosa nusu ya watu. Hifadhi inayofungua lango saa 2 asubuhi na kulifunga saa 11 jioni itakuwa imewafungia nje wavuvi wanaotoka alfajiri na wale wanaokwenda na taa usiku, bila ya kutaka kuwafungia.

Katika daftari letu la mara ya pili tulipata mambo ambayo hakuna mjumbe aliyeyataja kwenye kikao, pamoja na kwamba wote tulizaliwa pale. Kulikuwa na watoto wa skuli wanaokatiza ufukweni kwa sababu barabara huwa tope wakati wa masika. Kulikuwa na kisima cha maji ya chumvichumvi ambacho wanawake hutumia kuoshea vyombo siku za harusi. Kulikuwa na fundi wa ngalawa ambaye huvuta vyombo vyake juu ya mchanga kwa miezi miwili, waganga wa kienyeji wanaochimba mizizi, vijana wa mazoezi baada ya Alasiri, na mbuzi, ambao hawakuwa na mtu na walikuwa na wenyewe. Siku za Idi eneo lilijaa watu kutoka shehia nyingine sita, pamoja na wauza aiskrimu, wauza urojo na bembea za kukodi. Anayefanya kazi kama hii Makunduchi hatasahau Mwaka Kogwa kwa sababu kila mtu anaijua. Yanayosahauliwa ni haya madogo ya kila siku.

Kila tumizi lipewe mstari wake wenye uamuzi mmoja kati ya minne: linaendelea kama lilivyo, linaendelea kwa masharti yaliyotajwa, linahamishiwa mahali palipotajwa, au linakoma. Kukoma kuandikwe pamoja na tarehe na fidia au mbadala wake. Msiogope kuandika kwamba jambo linakoma, maana yapo yanayostahili kukoma, kama kuchimba mchanga na kukata mikoko kwa kuchomea chokaa; na kamati inayolinda kila kitu haitasikilizwa inapolinda njia ya mwani. Daftari likikamilika lisomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa shehia, baada ya Sala ya Alasiri, siku ambayo si ya mnada wala ya maziko, kisha liwe kiambatisho cha mkataba. Ndani ya mkataba wenyewe pawe na sentensi isemayo kwamba kiambatisho hicho ni sehemu ya makubaliano na kwamba pale maneno ya jumla yatakapopingana nacho, kiambatisho ndicho kitakachofuatwa.

Mali, watu na fedha

Orodha ya mali si kazi ngumu ila ni ya kuchosha. Kila banda, benchi, pipa la taka, tangi, bomba, mlango na kufuli viandikwe pamoja na hali yake siku ile, na picha ipigwe. Andikeni ukweli. Choo kilichojaa kiandikwe kuwa kimejaa, kwa sababu mkikiandika "kizuri" mtakuwa mmebeba lawama ya kukiharibu. Madeni ya umeme kwa ZECO na ya maji kwa ZAWA yaelezwe wazi pamoja na nani atayalipa. Mali za halmashauri zinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kitu kilichoondoka kwenye daftari lao bila ya waraka kitatafutwa, hata kama ni mashine ya kukatia majani isiyowaka.

Watu waliokuwa wakifagia, wakilinda na wakikata tiketi hawahami pamoja na mabenchi. Idara ya Serikali ina taratibu zake za ajira na haiwezi kuwachukua kwa sababu tu kamati imeandika majina yao. Kinachowezekana ni kukubaliana kwamba kazi za mkataba na za vibarua zitangazwe kwanza ndani ya shehia, na kwamba waongozaji wa wageni waliopo wapatiwe mafunzo na vitambulisho. Waambieni mapema. Kijana aliyelinda ufukwe kwa miaka mitano kwa posho ya mboga hastahili kusikia habari hizi siku ya sherehe.

Kuhusu fedha, fahamuni kwamba ada ikishakusanywa na idara inakuwa mapato ya Serikali na inafuata sheria za fedha za Serikali, wala hairudi kijijini kwa hisani ya mtu. Kama mnataka fungu, lazima liwemo ndani ya makubaliano. Jozani ilionesha kwamba linawezekana, kwani sehemu ya fedha za viingilio imekuwa ikizifikia jamii jirani, na wakulima ambao mazao yao huliwa na kima punju walipata kifuta jasho. Lakini kamati nyingi hushikilia ukubwa wa asilimia na kusahau kuuliza ni asilimia ya nini. Asilimia kubwa ya kinachobaki baada ya gharama inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia ndogo ya makusanyo yote, na gharama hazikosi kuwepo. Andikeni ni ya makusanyo yapi, inalipwa kila baada ya miezi mingapi, inaingia akaunti ya nani, na nani wa shehia ana haki ya kuoneshwa hesabu. Ili kuwa na akaunti na kuweza kudai, kamati isajiliwe kuwa jumuiya kwa sheria ya Zanzibar inayohusu jumuiya, kwa sababu shehia yenyewe si chombo cha kuingia mikataba. Halmashauri ndiyo yenye hadhi hiyo.

Barua, vikao na siku ya makabidhiano

Mfuatano wa karatasi ni huu, na kila hatua itoe muhtasari uliosainiwa pamoja na orodha ya mahudhurio. Baraza la ushauri la shehia hukutana chini ya sheha, kisha mkutano wa wananchi, kisha kikao cha halmashauri au baraza la mji ambacho hupitisha azimio la kuomba makabidhiano. Barua huandikwa kwa mkuu wa idara inayohusika kupitia kwa Mkuu wa Wilaya, na sisi wa Pemba tunaipitisha kwa Afisa Mdhamini wa wizara. Msimruke Afisa Mdhamini kwa kumpigia mtu wa Unguja mnayemjua; jibu litarudi kwake, naye atauliza kwa haki kabisa kwa nini hakuambiwa. Rasimu ya mkataba ipitiwe na mwanasheria wa halmashauri na upande wa Serikali uipeleke kwa wanasheria wake. Kama mpango unahusu ujenzi mpya, hata ni mabanda na maegesho ya gari tu, ulizeni mamlaka ya mazingira, ZEMA, kuhusu tathmini ya athari kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Mkataba uwe na muda, uwe na siku ya kupitiwa upya, na uwe na kifungu cha kurudisha eneo endapo idara haitalihudumia. Kifungu hiki kikiitwa cha kutoaminiana, jibuni kwa upole kwamba mkataba wa nyumba nao una tarehe. Nakala halisi ziwe nne: ya halmashauri, ya idara, ya Ofisi ya Mkuu wa Wilaya na ya shehia, na hiyo ya shehia isikae nyumbani kwa mtu.

Siku yenyewe, kabla ya kisomo na hotuba, watu wawili wa kila upande wazunguke na orodha ya mali mkononi. Jaribuni kila ufunguo kwenye kufuli lake. Sisi tulikabidhi funguo kumi na moja kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, pakapigwa picha nzuri, na jioni ikabainika kwamba nne kati yake hazikufungua chochote. Someni mita ya umeme na ya maji mbele ya pande zote, andikeni namba, wekeni saini pembeni. Vitabu vya tiketi vya zamani vifungwe kwa kuchora mstari chini ya kipande cha mwisho kilichotumika, na vilivyobaki vihesabiwe na virudishwe halmashauri, kwa sababu kitabu cha tiketi kilichosahaulika kwenye droo hutembea. Ubao wa lango ubadilishwe siku hiyo hiyo, na uoneshe saa, viingilio, na kwa herufi zilizo sawa kwa ukubwa, wale wasiolipa: wenye njia, wenye mwani, wavuvi, wenye minazi, wanaokwenda makaburini.

Mlinzi mpya atakapoanza kazi, mjumbe mmoja amtembeze kwenye njia zote zilizomo kwenye daftari na amjulishe kwa watu wanaozitumia, kwa majina, kwa sababu mtu akishajua kwamba yule ni Bi fulani wa nyumba ya pili hamfungii mnyororo. Kikao cha kwanza cha pamoja kifanyike baada ya miezi mitatu. Sikukuu ya kwanza baada ya makabidhiano ndiyo itakayokuwa ngumu kuliko siku zote, watu kutoka shehia za mbali watafika langoni na watoto waliovaa nguo mpya wakiwa hawajui kwamba lolote limebadilika. Asubuhi ya siku hiyo mjumbe mmoja wa kamati awe langoni pamoja na mlinzi tangu baada ya Sala ya Idi, na nakala ya daftari la matumizi iwe mkononi mwake.